Mwongozo kamili: kutengeneza video, muziki na michoro kwa Linux, kuanzia mashine tupu mpaka faili la mwisho

Watu wengi wanaohamia Linux kwa ajili ya kazi za ubunifu wanakwama palepale. Siku ya kwanza mtu anainstoli, anafungua programu kumi kwa mpigo, anarekodi sauti inatoka na mikwaruzo, anaingiza video ya simu midomo inaenda kivyake na sauti kivyake, afu anafunga laptopu anasema Linux ni ya kuendeshea seva tu. Mi mwenyewe nilirudi nyuma mara mbili kabla sijatulia, na nilipokuja kushtuka nikakuta programu hazikua na shida yoyote, shida ilikua mi naruka hatua za mwanzo kwa sababu hazina raha. Kwahiyo humu tunaenda kwa mpangilio ninaoufuata sahivi kila nikipata mashine mpya: mashine yenyewe, draiva, sauti, halafu ndo tunagusa programu. Kwenye sauti nitakaa muda mrefu, manake hapo ndo watu wengi wanavunjika moyo.

Kabla hujafuta chochote

Chukua karatasi uandike kazi unazofanya kweli, sio unazotamani kuja kufanya. Mbele ya kila kazi andika programu unayotumia sasa. Blender, Krita, Inkscape, GIMP, Audacity, OBS Studio, Kdenlive na Ardour zote zipo kwenye Linux. Reaper na Bitwig Studio za muziki, ambazo ni za kulipia, zina toleo la Linux kabisa. DaVinci Resolve ya kuhariri video nayo ipo ila ina vituko vyake, tutafika. Za Adobe hazipo, Photoshop, Premiere na After Effects hazina toleo la Linux na kuzilazimisha ni kujitafutia presha, kama wateja wako wanakutumia faili za PSD zenye leya mia na wanataka warudishiwe vilevile basi iache Windows kwenye partisheni yake wala usione aibu. GIMP na Krita zinafungua PSD ndio, lakini maandishi na leya za marekebisho hazitoki sawa kila mara.

Kuhusu mashine: ramu GB 8 inatosha kwa sauti, michoro na video nyepesi, GB 16 ndo unaanza kupumua, na SSD ni ya lazima. Bora prosesa ya zamani yenye SSD kuliko mpya yenye diski ya kuzunguka. Kwa mtu wa sauti, sekunde moja ya diski kusitasita ni rekodi imeharibika.

Linux ipi?

Hapa watu wanabishana mpaka kesho. Ukweli ni kwamba programu ni zilezile kila sehemu, tofauti ni nani amekuandalia vitu mapema. Fedora wana Design Suite kwa wachoraji na Jam kwa wanamuziki, AV Linux ipo kwa watu wa sauti na video. Mi nitatumia Ubuntu Studio kama mfano kwenye mwongozo huu kwa sababu ipo tangu 2007, inakuja na karibu kila kitu ndani, na ukikwama majibu ya Ubuntu ya kawaida yanafanya kazi. Tangu toleo la 20.10 inatumia desktopu ya KDE Plasma.

Chukua toleo la LTS tu, yaani lile linalotunzwa kwa muda mrefu. Namba inajieleza, 24.04 ni mwaka 2024 mwezi wa 4, na LTS zinatoka kila baada ya miaka 2. Haya mengine ya katikati yanaishi miezi 9 na mtu mwenye kazi za wateja hana sababu ya kuhamahama kila nusu mwaka.

Na kama tayari una Ubuntu au Kubuntu inayofanya kazi vizuri, usifute kitu. Fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri:

`sudo apt install ubuntustudio-installer`

Hiyo inakuletea kidirisha cha kuchagua mafungu: sauti, video, michoro, picha, uchapishaji. Chagua yale ya kwenye karatasi yako. Ukichagua yote utajaza menyu vitu ambavyo hutavifungua maisha.

Kuinstoli

Shusha faili la ISO, ndo mfumo mzima ndani ya faili moja, kutoka tovuti yao, na ulihakiki kabla ya kuliandika kwenye fleshi manake faili likishuka nusunusu utapata makosa ya ajabu katikati ya kuinstoli afu utalaumu mashine:

`sha256sum jina-la-faili.iso`

Linganisha yale maherufi na yaliyopo kwenye tovuti. Yakiwa sawa, andika ISO kwenye fleshi ya GB 16 kwa balenaEtcher, Rufus au Ventoy, yoyote utakayo.

Sasa usikimbilie kubonyeza kitufe cha kuinstoli. Washa mashine kwa fleshi na ukae humo nusu saa ukijaribu vitu: Wi-Fi inashika? Spika zinalia? Maiki inasikika? Chomeka kadi yako ya sauti ya USB, chomeka tableti ya kuchorea, fungua Krita uone kama kalamu inasoma mgandamizo. Kila kinachofanya kazi hapo kitafanya kazi ukishainstoli, na kisichofanya kazi umekijua mapema kabla hujafuta Windows yako.

Kama utaiweka Linux pamoja na Windows, fanya mambo mawili ukiwa ndani ya Windows kwanza. Zima Fast Startup, sababu inaacha partisheni imefungwa nusunusu na Linux itakataa kuandika humo. Na kama BitLocker, ulinzi wa Windows unaofunga diski kwa ufunguo, imewashwa, nakili ufunguo wake wa kurejeshea uuweke nje ya mashine hiyo, uisimamishe, ndo uguse partisheni. Hili la BitLocker usilichukulie poa.

Kugawa diski mi nafanya hivi: GB 80 mpaka 100 kwa mfumo, iliyobaki yote partisheni moja ya ext4 ya kazi tu. Siku mfumo ukivurugika unaufuta na kuweka mpya, kazi zako wala hazijui kama kuna kitu kimetokea.

Draiva

`sudo apt update && sudo apt full-upgrade`

Ukiwa na kadi ya AMD au Intel umemaliza, draiva zake zimo ndani ya keneli, yaani kiini cha Linux. Ukiwa na NVIDIA:

`sudo ubuntu-drivers install`

Hapa kuna mtego. Kama Secure Boot, ulinzi wa mashine wakati wa kuwaka, imewashwa, itakuomba utunge nywila, na ukiwasha mashine upya inatokea skrini ya bluu yenye maandishi MOK. Wengi wanaogopa wanabonyeza kuendelea, draiva inakataa kupanda, afu wanakaa siku nzima wanahangaika. Chagua Enroll MOK, weka ile nywila uliyotunga, endelea. Ukishaingia andika `nvidia-smi`, ukiona jina la kadi yako na jedwali basi imekubali.

Sauti, sasa tutulie

Kwanza uelewe kuna nani humo ndani, sababu ukisoma maelezo ya zamani utachanganyikiwa. ALSA iko ndani ya keneli, hiyo ndo inaongea na kadi yenyewe. Juu yake kwa miaka mingi kulikua na wawili wasiopatana: PulseAudio kwa matumizi ya kawaida, muziki na kivinjari, na JACK kwa watu wa studio, iliyoanzishwa na Paul Davis ambaye ndo huyohuyo alianzisha Ardour. Ukiwasha JACK kivinjari kinakua bubu, ukiwasha PulseAudio Ardour inalia. Hiyo ndo sababu Linux ilipata sifa mbaya kwenye sauti, na ilistahili. Akaja Wim Taymans na PipeWire, inayozungumza lugha zote mbili kwa wakati mmoja, toleo la 1.0 likatoka Novemba 2023, na Ubuntu Studio 24.04 inaitumia hiyo. Kwahiyo ukikuta maelezo yanayokwambia uanze kwa kuua PulseAudio, funga ukurasa, ni ya zama zingine.

Jambo la kwanza ni ruhusa. Mashine inatakiwa ikubali sauti ipite mbele ya kazi zingine zote. Andika:

`groups`

Kwenye majina yanayotoka lazima uone neno audio. Kama halipo:

`sudo usermod -aG audio $USER`

Toka kwenye akaunti uingie upya, sio kufunga terminali tu. Afu andika `ulimit -r`. Ikirudisha 95 au namba ya karibu na hapo uko sawa, ikirudisha 0 hujapewa ruhusa bado, fungua programu inayoitwa Ubuntu Studio Audio Configuration kwenye menyu, itakurekebishia.

Jambo la pili ni bafa, na hapa ndo pana siri yote. Kompyuta haipeleki sauti tonetone, inachota kwenye ndoo, na hiyo ndoo ndo bafa. Ndoo ikiwa kubwa sauti inachelewa, ikiwa ndogo prosesa inabidi ikimbie kuijaza, na ikishindwa kujaza kwa wakati panatokea pengo, lile pengo ndo unalisikia kama tiki au mkwaruzo, wenyewe wanaita xrun. Hesabu yake ni rahisi, gawanya bafa kwa sampuli, yaani vipimo vya sauti, za sekunde moja. Bafa 1024 kwa 48000 ni milisekunde 21.3. Bafa 256 ni milisekunde 5.3. Bafa 128 ni 2.7. Hizo ni za upande mmoja, sauti ikiingia na kutoka zinakua mara mbili na zaidi kidogo. Ili upate picha, sauti hewani inasafiri kama mita 343 kwa sekunde, hivyo milisekunde 5.3 ni sawa na kusimama mita 2 hivi kutoka kwenye spika, hakuna mpiga gitaa anayelalamikia hilo. Milisekunde 21 ni mita 7, hapo mwimbaji mwenye hedifoni anaanza kupotea.

Kwahiyo mi natumia bafa mbili tu maishani. Nikirekodi:

`pw-metadata -n settings 0 clock.force-quantum 128`

Nikichanganya, ambapo plagini, vile viprogramu vya kuongeza ndani ya programu kubwa, zimejaa na hakuna anayeimba:

`pw-metadata -n settings 0 clock.force-quantum 1024`

Nikimaliza kazi naweka 0 badala ya namba, inarudi kujiamulia yenyewe. Kama 128 inakwaruza panda 256, usiwe mbishi, hakuna anayekupa kombe kwa bafa ndogo.

Kujua kama inakwaruza kweli au ni masikio yako, fungua `pw-top` kwenye terminali uiache iende. Kuna safu ya ERR, ikiwa inapanda wakati unarekodi basi zile ni xrun. Ukiziona zifuate kwa mpangilio huu, sababu nimeshapoteza usiku mzima nikianzia mwisho: chomoa kadi ya sauti kwenye habu ya USB uichomeke kwenye mashine moja kwa moja, zima Wi-Fi, chomeka chaja na uandike `powerprofilesctl set performance`, funga kivinjari. Mara nyingi hufiki hata mwisho wa orodha. Yangu ilikua habu, kitu cha kuchomoa sekunde mbili, na mi nilikua nishabadilisha keneli mara tatu.

Kununua kadi ya sauti ya USB ni rahisi, tafuta inayofanya kazi bila kuinstoli draiva, zile zinazochomekwa hata kwenye iPad zikakubali. Hizo Linux inazisoma kwa kiwango kilekile cha USB. Zenye kulazimisha programu yao ya Windows ndo ziwashe hata mlango wa kuingizia sauti, achana nazo. Ukishachomeka, `arecord -l` itakuonesha kama imeonekana.

Mwisho wa sauti, instoli qpwgraph. Inakuonesha kila programu kama kiboksi chenye matundu na unavuta waya kwa kipanya kutoka hapa kwenda pale. Unataka sauti ya kivinjari iingie Ardour moja kwa moja? Vuta waya. Hiki ni kitu ambacho kwenye mifumo mingine unatafutia programu ya ziada, huku kimo tu.

Kurekodi sauti ya mtu

Kwa simulizi, podikasti au sauti ya kuweka juu ya video, Audacity inatosha. Weka 48000 Hz, sababu video zinatumia hiyo, na ukirekodi 44100 unaongeza kazi ya kubadilisha bure. Rekodi maneno yanayopanda kati ya -12 na -6 dB pale pa juu kabisa. Sauti ndogo kidogo utaipandisha, sauti iliyopasuka hakuna dawa.

Kabla hajaongea mtu, rekodi sekunde 10 za ukimya wa chumba. Zile ndo utazichagua na kuiambia Noise Reduction ijifunze kelele ya feni inafananaje, afu unachagua rekodi nzima unaisafisha. Usizidishe dB 12, ukizidisha mtu anatoka kama anaongea ndani ya pipa la maji. Baada ya hapo kata chini ya Hz 80 kwa High-Pass Filter, huko hamna sauti ya mtu kuna ngurumo tu na kugongwa kwa meza. Kompresa kidogo, ile inayopunguza tofauti ya sauti kubwa na ndogo. Mwisho kabisa Loudness Normalization. Mpangilio ndo huo, ukianza na kompresa kabla ya kuondoa kelele unakua umeipandisha kelele pamoja na maneno.

Muziki

Ardour ndo nyumba kubwa. Kwenye tovuti yao ile iliyopikwa tayari unachangia hela, lakini iliyopo kwenye hazina ya Ubuntu unaichukua bila malipo, nyuma kidogo ya toleo jipya. Ukifungua kipindi kipya itaunda folda, na kila kitu kinakaa humo, hivyo iweke kwenye ile partisheni ya kazi na usije ukahamisha faili moja moja kwa mkono. Sauti ya 48000 kwa biti 24, stirio, inakula kama GB 1 kwa saa, panga diski yako kwa hesabu hiyo zidisha kwa idadi ya treki.

Kwa ngoma kuna Hydrogen, kwa vinanda Qsynth ukiilisha faili ya soundfont, kwa gitaa Guitarix inakupa ampu. Plagini tafuta za LSP na za Calf, zina kompresa na ikwalaiza za maana kabisa. Plagini za Windows zinaweza kuendeshwa kwa yabridge pamoja na Wine, inayoendesha programu za Windows ndani ya Linux, na kuna watu wanaishi hivyo, ila ushauri wangu maliza nyimbo tatu kwa plagini za Linux kwanza, sababu nimeona watu wanakaa mwezi wanahamisha plagini na hawana wimbo hata mmoja.

Kabla hujajaribu kitu cha kichaa kwenye wimbo, chukua snapshot ndani ya Ardour. Inahifadhi hali ya kipindi bila kunakili sauti upya, unaweza kurudi muda wowote.

Programu za sauti zote zichukue kwa apt, yaani kutoka hazina ya Ubuntu. Za Flatpak, njia nyingine ya kuinstoli programu, zinaishi kwenye chumba chao na mara nyingi hazizioni plagini ulizoinstoli nje. Kwa GIMP, Krita na Kdenlive ni kinyume, Flatpak inakupa toleo jipya na hakuna kinachoharibika.

Video

Adui namba moja ni video ya simu. Simu nyingi zinarekodi kwa kasi ya fremu isiyotulia, mara 29, mara 30, mara 27 mwanga ukipungua, na programu ya kuhariri inahesabu kana kwamba zote ni 30, ndo maana dakika ya kwanza iko sawa na dakika ya kumi midomo imeshaachana na sauti. Kdenlive za sasa zinakushtua na kukuuliza kama ikubadilishie, kubali. Mi napenda kufanya mwenyewe mapema kwa ffmpeg, programu ya terminali ya kugeuza video na sauti:

`ffmpeg -i simu.mp4 -r 30 -c:v libx264 -crf 18 -c:a aac -b:a 192k safi.mp4`

Kama ziko nyingi kwenye folda:

`mkdir -p safi && for f in *.mp4; do ffmpeg -i "$f" -r 30 -c:v libx264 -crf 18 -c:a aac -b:a 192k "safi/$f"; done`

Nenda kapumzike, ukirudi zimejipanga.

Kwenye Kdenlive, klipu ya kwanza ukiiweka itakuuliza kama ubadilishe mradi ufanane nayo. Ndo wakati wa kuamua, 1080p au 4K, fremu 25 au 30, manake kubadilisha katikati ya safari kunasogeza mikato yako. Washa proksi kwenye mipangilio ya mradi. Proksi ni nakala nyepesi ya kila klipu unayoikatakata, na siku ya kurenda, yaani kutoa video ya mwisho, inarudi kutumia ile halisi. Laptopu ya kawaida inahariri 4K vizuri kabisa kwa njia hii, na mtu anayekwambia ununue mashine mpya muulize kwanza kama anajua proksi ni nini.

Kurekodi skrini ni OBS. Ukiona skrini nyeusi ujue uko kwenye Wayland, mfumo mpya wa kuonesha madirisha, chagua chanzo cha Screen Capture chenye neno PipeWire, itakuuliza ruhusa, mpe. Na rekodi kwa MKV, sio MP4 ya kawaida, umeme ukikatika MP4 isiyofungwa vizuri haifunguki lakini MKV unabaki na kila kitu mpaka sekunde ile. Ukimaliza, kwenye menyu ya File kuna Remux Recordings, inaigeuza MP4 kwa sekunde chache bila kupoteza ubora.

Haya, DaVinci Resolve. Toleo la bure kwenye Linux halifungui H.264 wala H.265, zile njia za kubana video zinazotumiwa na simu, na sauti ya AAC haisomi, kwahiyo unaweka video ya simu inakuja treki tupu unadhani umeharibu kitu. Inabidi ugeuze kwanza:

`ffmpeg -i simu.mp4 -c:v dnxhd -profile:v dnxhr_hq -pix_fmt yuv422p -c:a pcm_s16le simu.mov`

Faili linavimba sana, jiandae. Kwa kazi ya rangi Resolve haina mpinzani huku, lakini kwa kukata na kuunganisha tu sioni sababu ya kubeba mzigo huo.

Picha na michoro

Kosa la kawaida ni kutumia GIMP kwa kila kitu. GIMP ni ya kurekebisha picha iliyopo. Krita ni ya kuchora kwa mkono. Inkscape ni ya nembo na chochote kitakachokuzwa mpaka bango. Darktable ni ya picha za RAW za kamera. Scribus ni ya vipeperushi na vijitabu.

Toleo la GIMP 3.0 lilitoka Machi 2025, karibu miaka 7 baada ya 2.10, na faida kubwa ni kwamba vichujio sasa vinakaa juu ya leya bila kuiharibu, unaweza kurudi kubadilisha namba kesho. Kwenye Ubuntu 24.04 hazina bado ina 2.10, hivyo:

`sudo apt install flatpak`
`flatpak remote-add --if-not-exists flathub https://dl.flathub.org/repo/flathub.flatpakrepo`
`flatpak install flathub org.gimp.GIMP`

Kwa wanaopeleka kazi kiwandani kuchapwa: GIMP haifanyi kazi ndani ya CMYK, rangi nne za wino wa kuchapia, moja kwa moja, Krita inafanya na Scribus inatoa PDF ya CMYK. Mwombe mchapaji profaili ya rangi anayoitumia kabla hujaanza kuchora. Na kwenye Inkscape, kabla hujatuma faili chagua maandishi yote ubonyeze Shift+Ctrl+C yageuke maumbo, la sivyo upande wa pili fonti yako haipo na nembo inafunguka na herufi za mahakamani. Fonti zako mwenyewe ziweke `~/.local/share/fonts` afu uandike `fc-cache -f`.

Krita ina njia ya mkato tamu, Ctrl+Alt+S, inahifadhi toleo jipya lenye namba inayofuata. Ibonyeze kila ukienda kunywa maji.

Blender, ya michoro na katuni za 3D, siwezi kuieleza kwenye aya moja, ni bahari. Ila kwa upande wa Linux ni kwamba inakwenda vizuri sana huku, ipakue kutoka tovuti yao, fungua kifurushi, iendeshe, haihitaji hata kuinstoliwa. Ingia kwenye Preferences, sehemu ya System, uchague kadi yako: OptiX au CUDA kwa NVIDIA, HIP kwa AMD. Usipochagua inarenda kwa prosesa na utadhani imeganda. Ilifunguliwa kwa umma mwaka 2002 baada ya watu kuchanga euro 100,000, na mwaka 2025 filamu ya katuni iliyotengenezwa nayo ikachukua Oscar, kwahiyo yule anayesema programu za bure ni za kujifunzia tu mwambie aongeze sauti asikike vizuri.

Kutoa faili la mwisho

Kwa YouTube, MP4 ya H.264 inatosha, 1080p ya fremu 30 wao wanapendekeza Mbps 8, na 4K kati ya 35 na 45. Sauti wanaishusha ikizidi kama -14 LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti, hivyo kuipandisha kupita hapo unaiminya bure. Pima:

`ffmpeg -i mwisho.mp4 -af ebur128 -f null -`

Mistari ya mwisho itakupa namba ya I, hiyo ndo LUFS. Kama haipo sawa na hutaki kurudi kwenye mradi:

`ffmpeg -i mwisho.mp4 -af loudnorm=I=-14:TP=-1:LRA=11 -c:v copy -c:a aac -b:a 192k -ar 48000 -movflags +faststart tayari.mp4`

Ile `-c:v copy` inamaanisha picha haiguswi, sauti tu, inaisha haraka. Na `-ar 48000` usiisahau, kichujio cha loudnorm kikiachwa kinapandisha sampuli mpaka 192000 kimyakimya.

Apdeti na bekapu

Katikati ya mradi usiapdeti mfumo, maliza, kabidhi, ndo uapdeti. Kabla ya kuapdeti piga picha ya mfumo kwa Timeshift. Kumbuka Timeshift ni ya mfumo, kazi zako haizigusi.

Kazi zako ni diski ya nje na rsync, programu ya kunakili folda:

`rsync -av --dry-run --delete /kazi/ /media/$USER/bekapu/kazi/`

Na `--dry-run` inakuonesha itakachofanya bila kufanya. Soma kile inachotaka kufuta, ukiridhika liondoe neno hilo uendeshe tena. Ule mkwaju mwishoni mwa `/kazi/` una maana, ukiwepo inanakili vilivyomo ndani, ukiusahau inaunda folda ya kazi ndani ya kazi, na `--delete` ikikutana na njia uliyoikosea inafuta bila huruma. Nilishageuza njia hizo mbili siku moja, diski tupu ikawa chanzo na ya kazi ikawa inakopelekwa, na kilichoniokoa ni hiyo `--dry-run` iliyoanza kunishushia mistari ya kufuta kama mvua. Ukishamaliza bekapu ya kwanza, chukua mradi mmoja kutoka kwenye diski ya nje, unakili kwenye mashine nyingine kabisa, uufungue kwa Kdenlive au Ardour. Ukifunguka na klipu zote zipo, una bekapu. Ukiona viboksi vyekundu vya faili zisizoonekana, kwa Kdenlive rudi kwenye mashine yako utumie Archive Project, inakusanya kila klipu iliyokua imetawanyika huko na huko na kuiweka folda moja, afu endesha rsync tena.